Daraja lilifungwa Karuma, marobota yakalala huku: kisa cha kikundi kimoja cha alfalfa

Kwanza mjue hivi

Hiki ni kisa cha kikundi cha wafugaji wa Uganda wanaouza majani makavu ya ng'ombe, yaliyofungwa marobota, yaani mafungu ya kukazwa kwa kamba, na jinsi usafiri ulivyowajenga na kuwaangusha. Majina yote nimeyaficha, wilaya pia siitaji, tosha kusema ni upande wa barabara ya Gulu, kama kilomita 200 kutoka Kampala, kabla hujafika Karuma kwenye daraja la Nile. Bei na gharama nimezizungusha na kuzisogeza kidogo ili kikundi kisijulikane, lakini uwiano wake nimeuacha vilevile kwa sababu ndio wenye somo. Mimi nilikua nawasaidia kuweka vitabu vya hesabu, kwa hio mengi humu yametoka kwenye risiti na mengine kwenye vikao, na vikao vya hawa watu ni virefu kweli.

Hali ilivyokua

Kikundi kina familia kama ishirini hivi. Kuna Waacholi, Waalur, Wanyoro, Wakenya wachache waliohamia zamani, na wastaafu wa jeshi kadhaa, ndiyo maana kila kitu kinaongelewa kwa Kiswahili. Mwenyekiti mwenyewe ni mstaafu, kila mtu anamwita Afande hata wanawe. Walikua wafugaji wa kawaida wa ukanda wa ng'ombe, ule unaotoka Ankole ukapita Kiruhura, Sembabule, Nakaseke, Nakasongola mpaka Karamoja, halafu wakaona kiangazi cha Disemba mpaka Februari watu wanaofuga zero grazing, yaani ng'ombe wa bandani wanaoletewa majani, kule Wakiso na Mukono karibu na Kampala wanalia hawana majani. Wakasema basi tuwauzie.

Wakapanda nyasi za Rhodes kama eka 30, na kando ya bwawa eka 6 za alfalfa, ambayo wengine wanaiita luseni. Alfalfa iliwasumbua mwanzoni kwa sababu udongo ule una asidi na alfalfa inataka pH ya 6.5 kwenda juu, ikabidi kumwaga chokaa ya shamba, na mbegu zichanganywe na bakteria wake wa mizizi la sivyo inakaa manjano tu. Lakini ikishika imeshika, mizizi inaenda chini sana, unakata kila baada ya wiki tano au sita, na ukiikata inapoanza tu kutoa maua, kama shina moja kati ya kumi, unapata protini ya asilimia 18 mpaka 20. Rhodes kavu ukipata 8 au 9 umeshukuru. Hii tofauti ya protini iwekeni kichwani, tutairudia.

Shamba lenyewe liko ndani, kilomita kumi na kitu za marram, yaani barabara ya kifusi, kutoka kwenye lami.

Shehena ya kwanza, 2022

Wakakata, wakakausha, wakapigia broka wa Kampala, broka akatuma Fuso. Nyasi zikapakiwa hivyohivyo bila kufungwa, vijana wakapanda juu wakazikanyaga, turubai, kamba, lori likaondoka limevimba pande zote. Kwa macho ni mzigo mkubwa ajabu. Ulipopimwa huko ulikofika, hata tani moja na nusu haikutimia, kwenye lori linaloweza kubeba tani nane.

Kodi ya lori ilikua shilingi 1,400,000. Gawanya mwenyewe, inakaribia shilingi 1,000 kwa kila kilo, na Rhodes Kampala ilikua inauzwa kama 600 kwa kilo. Yaani usafiri peke yake ulizidi bei ya mali. Alfalfa waliyochanganya humo juu ndiyo ilifika vibaya zaidi, maana protini ya alfalfa iko kwenye majani, na majani yakikauka sana yanavunjika kama chipsi, upepo wa njiani ukayabeba yote na mnunuzi akaletewa vijiti. Akalipa bei ya vijiti.

Hapo wengi wakasema shida ni umbali na barabara mbaya. Afande akasema hapana, shida ni kwamba tumelipia lori kubeba hewa. Mimi naona hapo ndipo kikundi kilipookoka, maana ukishasema shida ni barabara unakaa chini kusubiri serikali, lakini ukisema shida ni hewa unaweza kufanya kitu kesho asubuhi.

Boksi, kamba na ugomvi wa kilo

Wakatengeneza maboksi ya mbao, yale ya sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Unatandika kamba ya katani chini, unajaza, mtu anaingia anakanyaga, unafunga, unatoa robota. Likifungwa vizuri linafika kilo 18, wakati mwingine 20. Fuso hiyohiyo ikawa inachukua marobota 150 hivi, tani 2.7, na kodi ile ile ya 1,400,000 ikashuka mpaka kama 520 kwa kilo. Bado ni pesa nyingi, lakini ni nusu.

Kulikua na wazo la kukodi mashine ya kufunga marobota kutoka ranchi moja kubwa ya jirani. Mashine inakaza zaidi, kwa hesabu zetu lori lingebeba tani nne na nusu mpaka tano. Wakakataa kwa sababu mwenye mashine alitaka keshi kabla, na vijana wa boksi wangekosa kibarua. Sababu ya pili naielewa, ya kwanza ilikua ya kuongeleka. Hapa mimi sikubaliani nao mpaka leo.

Marobota ya boksi yakaleta ugomvi mpya. Mama mmoja analeta ya kilo 19, jirani yake analeta ya kilo 12 yaliyojaa nafasi ndani, na wote wanalipwa sawa kwa robota. Mnunuzi wa Mukono hakua mjinga, akaanza kupima na kukata pesa ya shehena nzima. Ikabidi wanunue mizani ya kuning'iniza, kila robota lipimwe na mwanachama alipwe kwa kilo. Wiki mbili tu marobota yakawa mazito yote, bila hotuba ya mtu yeyote.

Alfalfa nayo wakajifunza kuigeuza alfajiri umande ukiwepo ili majani yasipukutike, na kabla ya kufunga mtu anakwaruza shina kwa ukucha, ngozi ikichubuka bado ni mbichi, iache. Ukifunga ikiwa na unyevu wa juu ya asilimia 20 inapata joto ndani, inaota ukungu, na robota la ukungu halina mnunuzi, hata ng'ombe mwenyewe analigeuzia mgongo.

Stoo kando ya lami

Mwanzo wa 2023 mvua ikawahi, lori likanasa kwenye marram usiku kucha likiwa na mzigo. Turubai lilikua na matundu. Karibu theluthi ya marobota yakalowa na mnunuzi akayakataa, na dereva akadai hela ya siku ya pili, na kwa kweli alikua na haki.

Kikao cha siku ile kilikua kikali. Upande mmoja ulitaka kuchanga pesa watengeneze sehemu mbaya za marram wenyewe. Upande mwingine, ukiongozwa na mama anayeuza chai pale senta, kituo kidogo cha biashara kando ya lami, ukasema wakodi stoo pale pale kwenye lami, marobota yashushwe kidogo kidogo siku za jua kwa trekta ya mwanachama na mikokoteni, halafu lori lisiingie ndani kabisa. Mama akauliza swali moja tu: lori likija hapa senta linapakia kwa muda gani? Wakasema saa moja, moja na nusu. Na likija shambani? Siku nzima, na mvua ikinyesha siku mbili. Basi.

Wakakodi stoo. Kodi ya mwezi iliuma na wengine walinung'unika, lakini stoo ilifanya kazi mbili kwa mpigo. Iliondoa lori kwenye matope, na pia ikawawezesha kukata Rhodes mwezi wa saba ikiwa bei iko chini na kuiuza Disemba ikiwa juu. Watu wakisikia usafiri wanafikiria kilomita tu, kumbe kwenye biashara ya nyasi unasafirisha pia kutoka mwezi wa saba mpaka wa kumi na mbili, na kwa safari hio gari lako ni banda lisilovuja.

Malori yanayorudi tupu

Stoo ikaleta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Barabara ya Gulu ina malori mengi yanayopanda na simenti, bia, sabuni, bidhaa za dukani, mengine yanaendelea mpaka Sudan Kusini. Kurudi, mengi yalikua yanajaza mkaa. Mei 2023 ikatoka ile amri ya Rais ya kupiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini, na ghafla kukawa na madereva wanaoshuka Kampala bila kitu mgongoni, wanatafuta hata nusu ya hela ya dizeli.

Dereva mmoja akasimama kunywa chai kwa yule mama, akaona marobota.

"Afande, hii nyasi inaenda wapi?"

"Mukono. Unataka ngapi?"

"Nipe laki nane nashusha hukohuko."

"Saba."

"Haya, saba, lakini vijana wako wapakie haraka, mimi nataka kulala kwangu leo."

Laki 7 kwa tani 2.7, hio ni kama 260 kwa kilo. Kutoka 1,000, ikaja 520, ikaja 260, ndani ya mwaka mmoja na kitu, na barabara ni ileile, hakuna aliyeongeza lami hata mita moja.

Bila stoo pale kwenye lami hii dili isingewezekana. Dereva anayerudi tupu hawezi kuingia kilomita kumi za marram kukutafuta, yeye anauza nafasi aliyonayo sasa hivi, na ukichelewa saa mbili ameshaondoka au amepata mahindi.

Lakini bei rahisi ilikuja na mambo yake. Lori lililobeba simenti lina vumbi la simenti, likibeba mbolea ya urea na punje zikabaki kwenye sakafu hio ni sumu kwa ng'ombe, na kuna shehena moja ilifika Wakiso inanuka dizeli, ng'ombe wakagoma kula na mnunuzi akarudisha marobota ya safu yote ya chini. Tangu hapo kijana mmoja kazi yake ni ufagio na kunusa. Lori likinuka, haliguswi, hata dereva apunguze mpaka laki 4.

2024: daraja ambalo hawalipiti

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike kisa hiki.

Daraja la Karuma liko kaskazini mwa kikundi. Marobota yanaenda kusini. Hakuna robota hata moja limewahi kuvuka Nile. Kwa hio 2024 magari mazito yalipoanza kuzuiwa pale kwa sababu daraja limechoka, lilijengwa 1963, hakuna aliyeshtuka. Mwisho wa Septemba likafungwa kabisa kwa ukarabati wa kama miezi mitatu. Nakumbuka mtu kwenye kikao alisema pole kwa watu wa Gulu.

Wiki chache baadaye senta ikawa kimya. Malori ya kaskazini yalikua yamehama, mengi yanazungukia Mbale, Soroti, Lira. Na kama hayapandi kwa barabara yetu, hayarudi kwa barabara yetu. Yule dereva wa laki 7 Afande akampigia, akasema yuko Soroti.

Stoo imejaa Rhodes ya mwezi wa saba, alfalfa inaendelea kukatwa, kiangazi kinakaribia, wanunuzi wanapiga simu, na lori hakuna. La kukodi kutoka Kampala lije tupu lirudi na mzigo lilikua limepanda mpaka 1,600,000. Na kumbuka mwaka uleule karantini za ugonjwa wa miguu na midomo zilifunga minada ya ng'ombe wilaya nyingi, kwa hio ile njia ya kuuza dume moja ulipe ada ya shule nayo ilikua imeziba.

Uamuzi wa Novemba

Kulikua na kambi tatu. Moja inasema tusubiri daraja lifunguliwe, nyasi kavu haziozi. Kweli haziozi, lakini ada ya shule haisubiri, na panya nao hawasubiri. Ya pili inasema tukodi kwa bei yoyote, wateja tusiwapoteze. Ya tatu haikua na jibu, ilikua na hasira na mwenyekiti.

Tukachukua daftari. Kodi ya 1,600,000 kwa tani 2.7 ni kama 590 kwa kilo. Rhodes inauzwa 600. Unabakiwa na shilingi 10, na hujalipa wapakiaji wala ushuru wa gombolola (kata). Alfalfa inauzwa kama 1,300. Toa 590, unabakiwa na 700 na kitu. Lori ni lilelile, nafasi ni ileile, mzigo mmoja unaweza kulipa nauli na mwingine hauwezi.

Wakaamua alfalfa peke yake ndiyo ipande lori kwa bei kamili, na Rhodes iuzwe hapahapa kwa yeyote anayeitaka kwa 300 kwa kilo, uchukue mwenyewe na mkokoteni wako. Mama wa chai ndiye aliyewakumbusha kwamba karibu na senta kuna kituo cha kukusanya maziwa, na wale wanaoleta maziwa pale wana ng'ombe wanaokonda kila Januari, na hakuna mtu wa kikundi aliyewahi kuwauliza kama wanataka nyasi. Walikua wanatazama Kampala tu.

Matokeo

Alfalfa ilienda, shehena chache, wateja wa Mukono wakabaki. Rhodes ilinunuliwa polepole mwanzoni, halafu Januari ikaisha kabisa. Pesa za msimu zilipungua ukilinganisha na mwaka uliotangulia, lakini si kwa kiasi tulichoogopa. Familia mbili zilijitoa, moja ikasema inarudi kwenye mahindi. Vijana wa kupakia walikosa kazi karibu miezi mitatu, na senta nzima iliumia nao, kwa sababu dereva aliyesimama kupakia ndiye alikua anakula, anabadilisha tairi, ananunua nanasi za kupeleka nyumbani.

Daraja lilipofunguliwa malori hayakurudi yote mara moja, na yaliyorudi yalitaka laki 9.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote, kwa maoni yangu, ni stoo kwenye lami, hata kuliko boksi. Boksi lilipunguza hewa, lakini stoo ndiyo iliyoingiza kikundi kwenye mtandao wa malori ya watu wengine. Mizani ya kilo inafuata.

Kilichowaangusha ni kwamba nauli ya laki 7 waliizoea kama vile ni yao. Haikua yao. Ilikua ni mabaki ya biashara ya kaskazini, na mabaki yanakuja tu kama kuna anayekula kule mbele. Na msidhani ni ujinga wa kijijini. Wauzaji wakubwa wa alfalfa wa Marekani ya magharibi miaka mingi wanapeleka marobota yaliyokandamizwa mpaka Asia kwa nauli nafuu kwa sababu kontena zinarudi China na Japani bila mzigo. Mwaka 2021 bandari zilipojaa, kampuni za meli zikaona ni faida zaidi kurudisha kontena tupu haraka zikajazwe bidhaa za China kuliko kusubiri zipakiwe nyasi, na marobota yakabaki. Ilifika mpaka Bunge lao likapitisha sheria mpya ya usafirishaji wa meli mwaka 2022. Afande nilipomhadithia alicheka, akasema kumbe sisi na wao tuna dereva mmoja.

La pili, na hili liliuma zaidi kulisema kwenye kikao, ni hesabu ya Rhodes hata kabla ya daraja kufungwa. Kampala 600, toa 260 za lori, unabaki na 340. Toa wapakiaji, toa ushuru, toa marobota yanayokataliwa kila shehena. Unafika 300 au chini yake. Yaani mwaka mmoja na kitu walikua wanapeleka Rhodes kilomita 200 kupata pesa ileile ambayo mtu wa kituo cha maziwa angelipa bila lori. Biashara ilionekana kubwa kwa sababu malori yalikua yanakuja na yanaondoka yamejaa. Nauli nafuu ndiyo iliyowaficha hili, ikapanda ndipo likaonekana.

Kuhusu uchumi wa eneo kwa jumla, watu wanapenda kusema barabara inaleta maendeleo, na mimi sikatai, lakini hapa lami ilikuwepo miaka mingi kabla ya kikundi na haikuwaletea kitu. Ilianza kuwaletea pale walipokua na mzigo uliokaa tayari, umepimwa, mkavu, pembeni yake. Na waliofaidika kwanza si wakulima, ni mwenye stoo, aliyepandisha kodi mara mbili, na wenye viwanja vya kuangalia barabara.

Sasa hivi mpango wao ni huu. Eka 4 za Rhodes zimegeuzwa alfalfa, chokaa imeshamwagwa. Rhodes yote ni ya soko la karibu isipokua mtu wa Kampala akileta lori lake. Na dereva wawili, si mmoja, wamekubaliana nao bei mbili zilizoandikwa: laki 8 akiwa anarudi tupu, na bei ya kukodi kamili ambayo haiwezi kuzidi 1,400,000 hata njia ikifungwa wapi. Mmoja ameshatia sahihi. Mwingine anasema dizeli ikipanda yeye hayumo, na Afande bado anamnywesha chai.